Sufuria Isiyo na Nyama

Ipo dharau moja katika wilaya yetu ya Karatu ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote, haikuhubiriwa kanisani wala msikitini, na bado kila mtoto anaijua kabla hajajua kusoma. Ni dharau ya chakula kisicho na nyama. Mgeni akiandaliwa makande, mwenye nyumba huomba radhi kwanza. Harusi ikikosa ng'ombe, kamati husemwa mwaka mzima. Baba akirudi jioni akakuta maharage kwa siku ya tatu mfululizo, huuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani kama nyumba hii imegeuka bweni la shule. Maharage ni ya bweni, ya jela na ya mwisho wa mwezi, ndivyo tulivyokubaliana. Mimi sikubaliani, na katika kurasa hizi nakusudia kugombana na kila anayekubali.

Nianze na lugha, maana lugha yetu ina busara kuliko sisi wenyewe. Mtanzania akiuliza "leo mboga gani?" anaweza kujibiwa nyama, dagaa, maharage, mchicha au maziwa. Vyote ni mboga, kwa maana ya kile kinachosindikiza ugali. Neno halikugawa vyeo. Vyeo tumevigawa sisi, tena si zamani sana. Wazee niliowakuta nikiwa mdogo walichinja kwa sababu: amefika mgeni mkubwa, mama amejifungua, kuna tambiko, mnyama amevunjika mguu. Siku nyingine zote walikula ugali wa mtama na wa mahindi, maziwa, majani ya maboga, mnavu na kunde za kila namna, wala hakuna aliyelalamika kwamba amelala bila kula. Ng'ombe alikuwa akiba. Mtu mwenye akili hali akiba yake kila Jumapili.

Hata Kwaresima, ambayo ingetufundisha, tumeigeuza kuwa adhabu. Ijumaa tunakula kabichi iliyochemshwa kwa kinyongo huku tukihesabu siku za kufika Pasaka. Waorthodoksi wa Ethiopia hujizuia nyama, maziwa na mayai kwa zaidi ya siku 180 kila mwaka, na kutokana na mfungo huo wamebuni mapishi ambayo leo watu wa London na Washington huyalipia fedha nyingi mikahawani. Mfungo wao umezaa mapishi. Wetu umezaa manung'uniko.

Sasa niseme ninakopata ujasiri wa kuandika haya. Nimewapikia watu wengine kwa miaka 26: katika hoteli za mjini Karatu, katika kambi za mahema, na juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako baridi ya Julai humfanya hata mwajiri atafute kisingizio cha kuingia jikoni. Mji wetu umekua kwa sababu ya barabara hiyo. Tangu lami ilipotandikwa kutoka Makuyuni hadi lango la Loduare, mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu kila mgeni anayekwenda kutazama faru na simba hupita mbele ya milango yetu, na wengi hulala hapa na kula hapa. Na miongoni mwao, mwaka hadi mwaka, wameongezeka wasiokula nyama. Jikoni tuliwaita "wa veji".

Katika hoteli moja ambayo sitaitaja, agizo la mkubwa wa jiko kuhusu watu hao lilikuwa fupi: "Wapeni chipsi na kabichi, wameyataka wenyewe." Jioni moja sahani ilirudishwa haijaguswa. Aliyeirudisha alikuwa bibi wa Kigujarati, umri wake yapata miaka sabini, aliyekuja na wajukuu zake. Hakugomba. Aliuliza tu kama jikoni kuna mchele na punje zozote za jamii ya kunde. Katika mfuko wangu nilikuwa na nusu kilo ya choroko niliyoinunua kwa ajili ya nyumbani. Nikapika mseto kama upikwavyo pwani, mchele na choroko vikiiva pamoja hadi vilainike, isipokuwa sikuwa na nazi. Bibi yule alikula, kisha akaomba aje jikoni. Akanionyesha jambo moja tu: kuchemsha mafuta pembeni katika kikaango kidogo, kutia binzari nyembamba, kitunguu saumu na pilipili kavu, na yakianza kunukia kuyamimina juu ya chungu dakika ya mwisho. Lile joto dogo la mwisho linaubadilisha mseto wote. Kwao chakula hicho huitwa khichdi, nao hupewa mtoto, mgonjwa, aliyetoka safari na aliyefiwa. Kwetu angepewa mchuzi wa nyama, kwa sababu hatuamini kwamba kitu kingine chaweza kumfariji mtu.

Hapa nataka kuwasema wenzangu wa kazi. Wapishi wengi wa hoteli na wa safari katika ukanda huu ni wanaume. Mwanaume huyu anajua supu ya maboga kwa tangawizi, lasanya ya biringanya, kari ya dengu, maharage ya Kimeksiko na mikate bapa ya mataifa manne. Saa nne usiku anavua aproni, anapanda bodaboda, anafika kwake, anaketi na kungoja apakuliwe. Watoto wakimuuliza, baba, huko unapika nini, anajibu bila aibu: "Vyakula vya Wazungu."

Vya Wazungu! Hebu tuvihesabu vyakula hivyo. Dengu ile ni ya Wahindi. Koshari, ule mchanganyiko wa wali, dengu ndogo, makaroni na mchuzi wa nyanya, ni ya vibanda vya Kairo, chakula cha makuli na wanafunzi. Shiro ni ya mama wa Kihabeshi. Maharage yale ni ya wakulima wa Meksiko waliokuwa wakiyala maelfu ya miaka kabla Mhispania hajatia mguu kwao. Ukiitoa lasanya, katika orodha nzima Mzungu hayumo isipokuwa kama mteja. Vyakula vya wakulima maskini wa dunia hii vimepita mikononi mwa mpishi wa Karatu, akavitia katika sahani nyeupe ya mgeni, na hakuona kwamba vilikuwa vinamtafuta yeye. Viungo vyake vyote vinauzwa sokoni kwetu. Vitunguu vya Mang'ola, kule Eyasi, ambavyo malori hubeba hadi Nairobi, ndivyo koshari inavyovililia, kwa maana koshari bila kitunguu kilichokaangwa hadi kiwe kahawia si koshari. Mchele upo Mto wa Mbu, mteremko mmoja kutoka hapa. Ngano inalimwa katika miinuko yetu. Dengu hutoka Shinyanga na Mwanza. Kinachokosekana ni baba kushika mwiko.

Mimi nimeushika. Siku zangu za mapumziko napika nyumbani kwangu, na majirani wamekwisha kunicheka hadi wamechoka. Walianza kwa kusema mke wangu kanipa dawa.

Lakini jambo lililonifanya niandike kwa hasira si kicheko. Ni mbaazi.

Asiyekuwa mkulima pengine hajui uzuri wa mmea huu. Sisi huupanda pamoja na mahindi. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki shambani peke yake, ikipambana na kiangazi kwa mizizi yake mirefu na kuurutubisha udongo bila kudai mbolea, kisha inatupa mavuno Agosti na Septemba, wakati shamba halina kingine. Wakulima wa Karatu na wa Babati waliilima kwa wingi kwa ajili ya soko la India, na miaka ya bei nzuri mbaazi ilijenga nyumba za bati na kulipa karo. Naam, ilikuwa jambo jema, nami sisemi isilimwe kwa kuuzwa.

Agosti 2017 serikali ya India, baada ya wakulima wake kuvuna kupita kiasi, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Huku kwetu mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia ghalani. Malori yakaacha kuja. Kilo ambayo muda mfupi kabla ilikuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi elfu mbili ikaporomoka hadi mia kadhaa, na mahali pengine hakuna aliyeuliza bei kabisa. Mlango wa India haukufunguliwa tena wazi hadi Mei 2021.

Jirani yangu mmoja alikuwa na magunia kumi na manne. Aliyangojea malori mpaka wadudu wakaingia. Miezi ile ile, nyumbani kwake walikuwa wakikopa dagaa dukani, robo kwa robo, na deni likiandikwa kwenye daftari. Nilimwendea nikamwambia, "Ndugu yangu, pikeni mbaazi hizi." Alinitazama kwa huruma kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mzee," akasema, "mbaazi ni za kuuza. Sisi siyo Wahindi."

Sentensi hiyo nimeitafuna kwa miaka mingi na bado haijamezeka. Sisi siyo Wahindi! Wala mtu wa Lamu si Mhindi, wala wa Mombasa, wala wa Tanga, wala wa Unguja, na hao wote huamka asubuhi wakala mbaazi za nazi kwa mahamri au maandazi, na wala hawaombi radhi kwa mtu. Jirani yangu si mjinga. Ni mkulima hodari kuliko mimi. Lakini katika maisha yake yote kila bwana shamba, kila mfanyabiashara na kila mwanasiasa aliyesimama mbele yake kuzungumzia mbaazi alimweleza bei, mbegu na dawa. Hakuna hata mmoja aliyemweleza sufuria. Tangu enzi ya ukoloni tumegawa mazao mafungu mawili, la biashara na la chakula, kana kwamba punje ikiisha kupimwa kwenye mzani wa mnunuzi hupoteza uwezo wa kuliwa na aliyeilima.

Matokeo yake si mzaha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Najua udumavu una sababu nyingi: maji machafu, maradhi ya tumbo, mama mwenyewe kutolishwa vizuri akiwa mjamzito. Sidai kwamba bakuli la mbaazi lingeyaponya yote. Nasema tu kwamba nchi inayovuna maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe na karanga haina haki ya kumlisha mtoto uji mweupe na ugali wenye chumvi huku ikingoja siku ya kununua nyama.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya kuiga, kwamba chakula chetu cha asili chatutosha. Ndugu zangu, chakula kipi cha asili? Mahindi yalitoka Amerika. Maharage nayo yalitoka Amerika. Yote mawili yalifika mwambao wetu kwa njia ya Wareno, kisha yakapanda bara polepole. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Chapati, ambayo hakuna Krismasi ya Karatu bila hiyo, ni ya huko huko. Nyanya, viazi mviringo, pilipili, karanga: Amerika, Amerika, Amerika, Amerika. Makande yetu, tunayodhani yalizaliwa na babu zetu, ni mkutano wa mazao mawili yaliyovuka bahari, na babu zetu walikuwa na akili ya kuyapokea. Tena waliyapokea pamoja, na hilo ni jambo kubwa, maana upungufu uliomo katika protini ya mahindi huzibwa na maharage, na ule wa maharage huzibwa na mahindi.

Si wote waliopokea kwa akili. Wazungu wa Italia ya kaskazini walichukua mahindi bila kuchukua ujuzi wa watu waliokuwa nayo. Watu wa Meksiko huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje. Maskini wa Italia walikula uji mgumu wa mahindi matupu, wakapata ugonjwa uitwao pelagra: ngozi ikachubuka, matumbo yakaharibika, akili zikaruka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukawavamia maskini wa kusini mwa Marekani, na madaktari wakadhani ni kijidudu mpaka Joseph Goldberger, kuanzia mwaka 1914, alipoonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye sahani. Ukiazima zao, azima na mapishi yake. Sisi tulilima mbaazi za Wahindi tukaacha mapishi yao getini.

Sasa nifike kwenye hoja nzito ya wapinzani wangu, nayo husemwa zaidi na akina mama, na nawaheshimu kwa kuisema. Ni kuni. Maharage makavu yanaweza kukaa motoni saa tatu. Nyama ya kukaanga ni nusu saa. Mama anayetembea kutafuta kuni, au anayenunua mkaa kwa kopo, ana haki ya kuniuliza ni nani atakayelipia falsafa yangu.

Jibu langu ni kwamba hapa ndipo hasa tunapowahitaji walimwengu. Watu ambao kwa vizazi vingi wameishi bila nyama wamekwisha kupigana vita hivi vya kuni na wamevishinda. Mhindi haichemshi mbaazi nzima kwa nusu siku. Huiloweka, huianika, huisaga kidogo kwa jiwe hadi ganda lipasuke, huipepeta, hubaki na vipande vya manjano ambavyo huiva kwa muda wa nusu saa hivi. Hakuna mashine inayohitajika ambayo bibi yangu hakuwa nayo: kinu, jiwe na ungo. Mhabeshi yeye huikaanga dengu, huisaga na viungo iwe unga, na kuanzia hapo shiro ni kitunguu, mafuta, maji na dakika ishirini. Unga unakaa kwenye mkebe miezi kadhaa ukingoja mgeni wa ghafla. Mpalestina na Mlebanoni hawaichemshi dengu yao kabisa. Huiloweka usiku kucha, huitwanga ikiwa mbichi pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na majani ya giligilani, huifinyanga vidonge na kukaanga. Hiyo ndiyo falafeli. Na kabla hujasema ni jambo geni, kumbuka bajia za kunde za Tanga na Unguja, na akara za Nigeria. Ni wazo lile lile.

Hata kwa maharage mazima zipo njia. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika kumi na tano, kisha ondoa chungu motoni ukizike kwenye kapu lililojazwa nyasi kavu na mablanketi, likiwa limefunikwa vizuri. Asubuhi kabla ya kwenda shamba umefanya hivyo; mchana ukirudi yamelainika, nawe hukutia hata kijiti. Magadi nayo husaidia kulainisha, na magadi tunayo hapa hapa, ila yakizidi huharibu vitamini na ladha, kwa hiyo kidogo kama ncha ya kijiko. Serikali imetangaza mkakati wa kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Vema. Ila sufuria ya presha ingeweza kuwa ndani ya mkakati huo pamoja na mtungi wa gesi, kwa sababu gesi bila sufuria ya presha humfanya mama ayakimbie maharage mara mbili zaidi.

Hoja ya pili ni nguvu. Eti mwanaume anayelima hawezi kushiba majani. Kwanza, punje si majani. Pili, nimewapikia wapagazi wa Kilimanjaro, watu wanaobeba mzigo wa kilo 20 kuelekea mawinguni, na chakula chao cha siku nyingi kilikuwa ugali, maharage na kabichi. Nyama ilikuwa ya mgeni aliyebeba kamera. Waliponilalamikia, walilalamikia kipimo.

Hoja ya tatu naikubali nusu. Mtoto mdogo na mama mjamzito wana mahitaji ambayo mimea peke yake haiyatimizi. Vitamini B12 haimo kwenye mmea wowote wa bustanini. Basi mpe yai, mpe maziwa, na ukiwa na nyama mpe yeye kwanza. Angalieni lakini desturi yetu: nyama ikipikwa, mapande makubwa huenda kwa baba, na mtoto hupewa mchuzi. Anayetetea nyama kwa jina la mtoto aje kwanza anionyeshe sahani ya mtoto. Na yule anayekula mbegu na majani akamulie limau au atie nyanya, maana husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi aisogeze mbele saa moja, maana huyazuia. Ni mambo madogo, ila hakuna anayetwambia.

Hoja ya nne ni ya wafugaji, na hapa sauti yangu inashuka. Sitapanda hadi Endulen au Nainokanoka kumfundisha mama wa Kimaasai kula maharage. Kwanza, yeye na mimi tunakaribiana kuliko inavyodhaniwa: chakula chake cha siku zote kilikuwa maziwa, na loshoro, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maziwa mgando, ni mojawapo ya vyakula vya faraja nivijuavyo mimi. Pili, kuhusu maharage yeye hana hiari niliyo nayo. Ngorongoro ilipotengwa mwaka 1959 ilikuwa kwa ahadi ya kwamba watu na wanyama wataishi pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo ndani. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela akaruhusu vishamba vidogo, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Mwaka 2009 ruhusa hiyo ikafutwa. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, Handeni, na mjadala wa uhamisho huo bado ni moto.

Sina nafasi hapa ya kuamua kesi yote ya hifadhi, nami najua kreta ile ndiyo iliyonilipa mshahara. Lakini nimesimama jikoni ukingoni, nikipokea asubuhi saladi, karoti, zukini na maharage machanga yaliyopandishwa kwa gari kutoka Karatu kwa ajili ya wageni wa veji, na mwendo mfupi kutoka pale alikuwepo mama asiyeruhusiwa kupanda hata mstari mmoja wa kunde nyuma ya boma lake, ambaye hununua debe la mahindi kutoka kwetu kwa bei iliyopanda pamoja na nauli. Anayemdharau mama huyo kwa kutegemea nyama na maziwa angesoma kwanza sheria. Na mimi ninayeishi nje ya lango, mwenye shamba, mbaazi na jiko la gesi, nina udhuru gani?

Kwangu sasa Jumatatu ni shiro, na kwa kuwa teff ya Wahabeshi hatuna, tunailia chapati laini za unga wa ulezi uliochachushwa siku mbili. Jumatano mbaazi zilizopasuliwa, pamoja na yale mafuta ya bibi wa Kigujarati. Ijumaa makande, tena makande ya heshima: yamekaangiwa kitunguu na karoti, yametiwa tui la nazi iliyotoka Tanga, si yale ya bweni yanayoogelea. Jumapili kuna nyama kama ipo, na kama haipo hakuna anayeuliza. Binti yangu mdogo anaweza kufinyanga falafeli kumi na mbili wakati mimi nafinyanga nane. Mwanangu wa kiume nilimpa mwiko akiwa na miaka tisa, na shangazi zake walikuja wakafanya kikao.

Hivi karibuni kamati ya harusi ya mpwa wangu ilikutana. Niliahidi gunia moja la mbaazi na kuzipika mwenyewe kwa nazi, watu mia tatu wale mpaka wasaze. Mwenyekiti alikohoa, akasema wazo ni zuri, liandikwe kama mchango wa ziada, ila Mzee asisahau mbuzi wake. Mbuzi nitapeleka. Nimewataka tu radhi mapema kwamba meza ya mbaazi itakuwa karibu na mlango, kabla ya nyama, na kwamba anayepakua hapo nitakuwa mimi.